Majani ya Mwembe Hayaendi Mbali: Mwongozo Kamili wa Kutumia Takataka za Uani

Uani kwangu hapa Walukuba, Jinja, Uganda, kuna mwembe mmoja, mparachichi mmoja, migomba kumi na kitu upande wa nyuma, na ua wa miti ambao nikiusahau wiki tatu unaanza kumkwaruza kila anayepita na boda. Kwa miaka mingi vyote vilivyodondoka hapo niliviita kwa jina moja, kasasiro, yaani takataka. Nilivijaza kwenye magunia, nikamlipa kijana avipeleke anakokujua yeye. Usiku mmoja wa Aprili ikanyesha mvua kubwa, na asubuhi nikakuta mtaro wa mbele ya nyumba umeziba, maji yamefika barazani. Nilipouzibua, nikatoa magunia yangu mwenyewe. Moja bado lilikuwa na kamba niliyolifungia.

Tangu siku hiyo silipi mtu. Wala si kwamba gari la taka ndilo suluhisho. Sote tunakumbuka Kiteezi, jalala la Kampala lililoporomoka tarehe 10 Agosti 2024 na kuua watu zaidi ya 30. Sehemu kubwa ya taka za miji yetu ni vitu vya kuoza tu: maganda ya matooke (ndizi za kupika), majani, nyasi. Vitu ambavyo vingeweza kubaki uani.

Ninachofuata mimi ni swali moja kabla ya kunyanyua kitu: hiki kinaweza kufanya kazi hatua ngapi kutoka kilipoangukia? Wengi wakisikia habari za mbolea ya majani wanakimbilia kuchimba shimo au kujenga rundo. Rundo ni zuri, nitalieleza kwa kirefu, lakini ndilo lenye kazi nyingi kuliko yote. Takataka nyingi za uani hazihitaji kufika huko.

Kutenga ukiwa bado umeshika reki

Ukishachanganya nyasi mbichi, kavera (mifuko ya plastiki), makopo na matawi kwenye biwi moja, hakuna atakayekuwa na subira ya kuchambua. Kwa hiyo kutenga kunafanyika wakati wa kukusanya, si baadaye.

Makavu yakae peke yake: majani ya mwembe, ya fenesi na ya mparachichi yaliyoanguka yenyewe, majani makavu ya mgomba, mabua ya mahindi, maganda makavu ya maharage. Haya yana kaboni nyingi na huoza polepole. Mabichi yakae kwingine: nyasi za leo, magugu ambayo hayajatoa mbegu, majani ya ua uliokatwa, maganda ya matooke kutoka jikoni, samadi. Haya yana nitrojeni nyingi, yanapata joto haraka, na yakiachwa peke yake yananuka. Kila tawi linalozidi unene wa kidole gumba liende upande wa tatu. Halafu kuna vya kukataa kabisa, nitavirudia.

Jambo moja kuhusu ufagio. Wengi wetu tumelelewa kufagia uwanja kila asubuhi mpaka udongo ung'ae. Nusu ya unachokusanya hivyo ni udongo wa juu, ule mzuri. Chini ya miti tumia reki, na ufagio ubaki mlangoni na njiani. Mama mkwe wangu hajakubaliana nami hadi leo, na akija kututembelea chini ya mwembe hapabaki jani hata moja.

Matandazo kwanza

Matandazo ni majani uliyoyatandaza juu ya udongo kuzunguka mimea, basi. Yanazuia jua lisikaushe ardhi, yanapunguza nguvu ya matone ya mvua, yanaziba magugu, na yakioza yanakuwa chakula cha mmea. Safari yake ni mita tano.

Tandaza udongo ukiwa umelowa. Kwetu kando ya Ziwa Viktoria mvua kubwa huja Machi hadi Mei, kisha Septemba hadi Novemba, kwa hiyo wakati mzuri ni mvua zinapokaribia kuisha, mwishoni mwa Mei na mwishoni mwa Novemba. Ukitandaza juu ya ardhi iliyokwisha kukauka, manyunyu madogo yataishia kwenye majani na mizizi haitapata kitu.

Unene wa sentimita 5 hadi 10 unatosha kwa majani makavu. Majani ya mwembe ni magumu na yanalaliana kama vigae, maji yanateleza juu yake, kwa hiyo yapondeponde kwanza. Mimi nayamwaga njiani siku mbili tatu, watoto na toroli wanayakanyaga, kisha nayarudisha. Nyasi mbichi zianikwe juani siku moja au mbili, halafu zitandazwe nyembamba, sentimita 2 au 3 tu.

Acha nafasi ya kiganja kati ya matandazo na shina la mboga. Miche ya nakati na dodo, mboga zetu za majani (dodo ndiyo mchicha), iache ifike urefu wa kiganja na nusu kabla ya kuizungushia chochote, la sivyo konokono watakula wakiwa kivulini. Na usitandaze hadi ukutani mwa nyumba. Mchwa wanapenda majani makavu, na kutoka kwenye majani hadi kwenye fremu ya dirisha si mbali. Nusu mita ibaki wazi.

Mgomba, ambao watu wengi wanaukosea

Ukikata mkungu, shina linalobaki ni maji matupu kwa sehemu kubwa, zaidi ya asilimia 90. Kulibeba kwenda kutupa ni kubeba jerikeni za maji kuzimwaga barabarani. Lakini kuliacha limelala zima nako ni kosa: fukusi wa migomba, ambao Baganda huwaita kayovu, huzaliana ndani ya mashina yanayooza polepole na kwenye tunguu, kile kitako cha mgomba kilichobaki ardhini.

Fanya hivi. Kata shina karibu na ardhi, kisha ufunike kisiki kwa udongo. Lipasue shina kwa urefu kuanzia juu hadi chini, mara mbili, upate vipande vinne, kisha katakata kila kipande urefu wa mkono. Vitandaze katikati ya mistari ya migomba, si kwenye shina, vikae nusu mita hadi mita moja kutoka kwenye mgomba wowote. Vikipasuliwa hivyo vinakauka upesi na fukusi hapati pa kutagia. Wakati wa kiangazi vipande hivyo hivyo vinalowesha ardhi vinapoyeyuka, na vina potasiamu nyingi, ambayo mgomba huihitaji kuliko vitu vingi.

Bakiza vipande vichache vya sentimita 30 viwe mtego. Viweke karibu na migomba, upande uliopasuliwa ukitazama chini. Siku ya tatu asubuhi, kabla ya jua, vigeuze. Utakuta wadudu weusi wagumu, wadogo kuliko punje ya maharage, wenye pua ndefu iliyopinda. Wanajifanya wamekufa ukiwagusa. Usidanganyike, watie kwenye kopo la maji ya sabuni. Mara ya kwanza kufanya hivi nilipata 19 kwenye vipande sita, na mimi nilikuwa nikilaumu udongo.

Onyo moja zito. Mnyauko wa migomba wa bakteria, wanaouita kiwotoka, ulionekana Uganda mwaka 2001 huko Mukono na baadaye ukasambaa nchini. Ukiona majani yananyauka bila ukame, ndizi zinaiva kabla ya wakati na ndani zina rangi ya kutu, au shina ulilokata linatoa usaha wa manjano, shina hilo lisiende kwenye matandazo wala kwenye rundo. Likate chini kabisa, liachwe palepale bila kuburutwa kupita migomba mingine. Panga lipitishwe motoni mpaka lisishikike, au lioshwe kwa jiki (dawa ya kung'arishia nguo), kabla halijagusa mgomba mwingine. Ugonjwa huu husafiri kwenye panga kuliko kwenye upepo.

Majani ya mgomba yenyewe sina haja ya kumfundisha Mganda. Yanafunika matooke jikoni kwanza, kisha yanakuja uani kufunika rundo.

Rundo la mboji

Rundo langu la kwanza lilikuwa aibu. Nilikuwa nimekata nyasi za uwanja mzima, toroli sita, nikazilundika nyuma ya nyumba nikajisifu. Siku ya nne jirani yangu Hajati akaita kutoka ng'ambo ya ua.

"Mwanangu, unafuga nini huko nyuma? Inanuka kuliko mukene, dagaa wa Masese!"

"Ni mbolea, Hajati."

"Mbolea gani inaua watu kabla haijawa mbolea?"

Nilipochoma jembe ndani nikakuta nyasi zimeshikamana kama mkeka uliolowa, katikati ute wa kijani. Hewa ilikuwa haipiti. Vijidudu vinavyoozesha kwa hewa vilikufa, vikashika kazi vile visivyohitaji hewa, na hao ndio wenye kunuka. Hakukuwa na jani moja kavu ndani yake, na makavu ndiyo yanayoacha nafasi ya pumzi.

Sasa nalijenga namna hii.

Kwanza, mahali. Chagua kivulini, penye ardhi tupu si saruji, mbali na kisima na mbali na dirisha la jirani. Chini ya mwembe panafaa. Rundo liwe na upana wa mita moja, urefu mita moja na kimo mita moja. Dogo kuliko hapo halishiki joto. Ukiwa na uwanja mdogo, kusanya makavu kwenye magunia mpaka yatoshe, kisha lijenge siku moja. Kuongeza konzi moja kila siku huozesha pia, lakini bila joto, na mbegu za magugu zinabaki hai.

Pili, msingi. Legeza udongo kwa jembe, panga vijiti na mabua kwa kupishana, kimo cha shubiri moja. Hapo ndipo hewa itaingilia.

Tatu, matabaka. Natumia karai kupimia: makarai matatu ya makavu yaliyokatwakatwa, karai moja la mabichi, nusu karai ya samadi ya mbuzi au kuku, na konzi mbili za udongo au mboji ya zamani, yenye vijidudu vya kuanzishia. Majivu ya jikoni nanyunyiza kidogo kama chumvi, si kama unga. Kila tabaka la makavu nalilowesha kabla ya kuweka linalofuata, maana ukisubiri kumwagia juu mwishoni, maji yanateremka pembeni na katikati panabaki pakavu. Kipimo cha maji ni mkono: kamata konzi ya mchanganyiko, ikamue. Tone moja au mawili likitoka, sawa. Likichuruzika, ongeza makavu.

Nne, katikati ya rundo choma fimbo ndefu iliyonyooka, ifike chini. Funika rundo lote kwa majani ya mgomba, mvua isilipige wala jua.

Fimbo hiyo ndiyo kipimajoto chako. Siku ya tatu au ya nne ichomoe, ushike ncha ya chini. Ikiwa ya moto kiasi cha kukufanya ubadilishe mkono, rundo liko kazini. Joto la ndani hufika nyuzi 55 hadi 65, linaloua mbegu nyingi za magugu na magonjwa mengi. Ikiwa na unyevunyevu na harufu ya msitu baada ya mvua, vizuri. Ikitoka baridi na kavu, mwagia maji. Ikitoka na utando mweupe kama unga, rundo linakauka, mwagia pia. Ikinuka kama yai viza, lifumue leo hii ulijenge upya na makavu zaidi.

Baada ya wiki mbili au tatu joto linashuka. Hapo lipindue kwa jembe la meno, vya pembeni viende katikati. Litapanda joto tena. Lipindue mara mbili au tatu kwa vipindi hivyo, na kwa hali ya hewa yetu mboji inakuwa tayari miezi mitatu hadi minne. Ukiwa huna nguvu za kupindua usife moyo, itachukua miezi sita au zaidi na itakuwa mboji vilevile.

Siafu au mchwa wakihamia ndani, ujue pamekauka. Panya wakija, kuna aliyetupa posho, yaani ugali. Na matumbo ya samaki usithubutu: kaloli, wale ndege wakubwa wenye mifuko shingoni, watashuka juu ya paa lako, nao wakishapajua mahali hawasahau.

Matawi, na majani yasiyo na haraka

Matawi yaliyonyooka ni nguzo za nyanya na maharage ya kutambaa. Yaache yakauke kwanza. Kijiti kibichi cha mutuba ukikichomeka ardhini wakati wa mvua kitachipuka, na mwaka wa pili utakuwa na mti katikati ya nyanya. Yaliyopinda ni kuni. Ukiwa na ua wa mnyaa, ukate ukiwa na miwani au usimame upande wa upepo, maana utomvu wake ukiingia jichoni hutalala usiku huo.

Mkaa umepanda bei, zaidi tangu amri ya rais ya Mei 2023 ilipozuia biashara ya mkaa kutoka kaskazini, kwa hiyo watu wengi sasa wanaulizia briketi, madonge ya vumbi la mkaa. Nimejaribu: vijiti na majani makavu kwenye pipa lililotobolewa chini, yakishashika moto vizuri unalifunika hewa ipungue, yanageuka mkaa badala ya majivu. Ukishapoa unauponda, unauchanganya na uji wa unga wa muhogo, unga sehemu moja kwa vumbi sehemu kumi, unafinyanga madonge na kuyaanika siku kadhaa. Yanawaka. Ila kwa mwembe mmoja sikupata madonge ya kupikia hata wiki, na moshi wa pipa ulimrudisha Hajati uani. Kama majirani watano hamtaunganisha nguvu, sioni faida. Na briketi kama mkaa wowote, usiwashe kwenye chumba kilichofungwa.

Majani ya mwembe yanayozidi matandazo yana njia ya wavivu, ninayoipenda: yajaze kwenye gunia, lowesha, funga, toboa matundu machache, lisukume nyuma ya tangi la maji usahau. Baada ya miezi sita au zaidi utakuta kitu cheusi chepesi, kizuri kwa kuoteshea miche. Kwa mbolea yenye nguvu si chochote. Kwa miche hakina mfano.

Alizeti mwitu, tithonia yenye maua ya njano inayoota kando ya barabara zetu zote, ni kinyume chake. Majani yake ni laini na yana nitrojeni na potasiamu nyingi. Yakatekate, jaza theluthi moja ya jerikeni iliyokatwa juu, ongeza maji, funika, koroga kila baada ya siku mbili. Wiki ya pili chuja, changanya kopo moja na makopo matatu ya maji, mwagia kwenye mizizi ya sukuma au nyanya, si kwenye majani utakayokula. Itanuka. Iweke mbali.

Vya kukataa

Lumbugu, ile nyasi yenye mizizi mirefu inayotambaa chini, haifi kwenye rundo la kawaida. Ianike juu ya bati mpaka mizizi ivunjike kama kijiti, ndipo iingie. Kishona nguo kilichokwisha kutoa sindano nyeusi usikitie kwenye matandazo hata kidogo. Nyanya, biringanya na viazi vilivyonyauka kwa ugonjwa vizikwe mbali na bustani. Majani ya mikaratusi yanazuia mimea mingine kuota, kwa hiyo yatandaze njiani, hapo sifa hiyo ni faida. Kinyesi cha mbwa na paka, hapana. Kinyesi cha kuku kibichi kisiende moja kwa moja kwenye miche: nilipoteza kitalu kizima cha pilipili hoho, majani yaliungua pembeni kama yamepitishwa mshumaa.

Kuitumia

Mboji iliyoiva haina joto, ina rangi ya kahawa iliyokaangwa, na huwezi kutambua kilichokuwa jani. Kama una shaka, jaza kopo, panda mbegu kumi za dodo. Zikiota na kubaki kijani wiki nzima, iko tayari. Zikigeuka njano, iache mwezi mwingine.

Hesabu kurudi nyuma kutoka kwenye mvua. Rundo la kupandia Septemba lijengwe mwishoni mwa Mei, nyasi zikiwa tele. La kupandia Machi lijengwe Novemba. Kwenye tuta la mboga natandaza mboji sentimita 2 au 3 na kuichanganya na udongo wa juu. Shimo jipya la mgomba linapata debe zima, likichanganywa na udongo wa juu uliochimbwa. Hajati anachukua gunia moja kila msimu kwa ajili ya nakati zake, na bado anaziba pua akipita.

Chekecha kwa wavu wa kuanikia kahawa. Vijiti na viganda vitakavyobaki juu ya wavu usivitupe, ndio msingi wa rundo linalofuata.